Siku Zebaki Ilipoingia Darasa la Tano

Sifa na shukrani ni za Mungu Baba, aliyenipa pumzi ya kusimama mbele ya watoto mpaka nywele zangu zikawa nyeupe kuliko chaki niliyoandikia. Ni yeye aliyeficha mambo mengi ndani ya jiwe, ndani ya tone la maji na ndani ya mbegu, kisha akawapa watoto hamu ya kuyafunua. Kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha tu. Jina lake litukuzwe kabla sijasimulia lolote.

Nimestaafu hivi karibuni, na walimu vijana wa shule yetu hapa Bunia wameniomba niwaandikie jinsi nilivyofundisha sayansi katika shule ya msingi isiyo na maabara. Hawakuniuliza habari za vyeo. Wamefanya vema, maana sehemu hiyo ingemalizika kabla kalamu haijapata joto.

Siku yangu ya kwanza nilipewa darasa lililojaa mpaka dirishani, na kitabu kimoja, ambacho kilikuwa cha mwalimu. Somo lilikuwa juu ya maji na mvuke. Nikaandika ubaoni kwamba maji yakipata moto hugeuka mvuke, watoto wakaimba maneno hayo kwa sauti nzuri, nikajiona nimefundisha. Ukuta wa darasa letu ulikuwa wa mbao, na upande wa pili alikuwa Mzee Gaspard, mwalimu wa zamani kuliko jengo lenyewe. Wakati wa mapumziko aliniita.

"Mwalimu, weye ulishaona maji inageuka mvuke?"

"Nimeona, Mzee."

"Na batoto?"

"Wanaona kila siku nyumbani."

"Basi juu ya nini unawaimbisha kama watu wenye hawajaona kitu?"

Kesho yake alikuja na babula yake, lile jiko la makaa ambalo kila nyumba ya Bunia inalo, akaliweka mbele ya darasa langu pamoja na sufuria na kifuniko. Watoto waliona maji yakipanda, wakaona matone yakining'inia chini ya kifuniko, wakaanza kugombana wenyewe kuhusu njia waliyopita kufika huko. Sikusema neno. Mzee Gaspard alikuwa ameniagiza: mkono kwanza, kinywa baadaye, ubao mwisho. Tena akaniambia, jibu usilitoe wakati mtoto angali anatazama, maana utakuwa umemfunika macho. Sheria hizo mbili zilinitosha mpaka nilipostaafu.

Vyombo tulivitengeneza wenyewe. Mizani yetu ilikuwa kitundikio cha nguo chenye kopo la bati kila upande. Tulikuwa na vipande vya vioo, mipira ya matairi iliyokatwa, vizibo vya chupa, mianzi ya kupigia filimbi, na udongo wa mfinyanzi ambao watoto waliuchota bondeni. Mkaguzi mmoja alipofungua kabati langu alisema kwamba ninatunza takataka. Nilikubaliana naye, nikamwomba atuletee nyingine.

Kila juma watoto walileta kitu kutoka nyumbani kufuatana na somo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mwalimu anayewaambia watoto walete vitu hajui kitakachoingia mlangoni. Niliomba kitu kinachoelea, mtoto mmoja ambaye familia yake ilitoka Aveba akaleta bata. Alielea vizuri ndani ya beseni mpaka alipouona mlango, na darasa zima likahamia barabarani. Niliomba kitu kinachotoa sauti, akaja mmoja na filimbi ya askari, na askari mwenyewe akafuata nyuma. Kazi hii, wenzangu, si kujua kila kitu. Ni kushtuka bila kuanguka.

Lakini siku ya Solange nusura nianguke.

Solange alikuwa mtoto wa darasa la tano. Familia yake ilikuwa imekimbia vita upande wa Djugu, ikapata vyumba viwili hapa mjini, katika komini ya Mbunya. Baba yake alibaki kuchimba dhahabu karibu na Bambu, akawa anawatumia nyumbani kidogo alichopata. Mama yake, ambaye kwa desturi yetu sote tulimwita Mama Solange, alikuwa mama mwenye bidii, na kila asubuhi aliuza mikate ya mafuta mbele ya lango la shule. Walimu wote tulikunywa chai na mikate hiyo. Mgongoni alimbeba Jérémie, mdogo wake Solange, mtoto ambaye kwa umri wake alipaswa kuwa anatembea.

Somo lilikuwa uzito. Niliwaomba walete kitu kidogo lakini kizito. Zikaja boliti za pikipiki, mawe, kufuli, betri. Solange alileta chupa ndogo ya marashi. Nilidhani ni mafuta. Alipoiweka kwenye mizani, kopo lilishuka kwa kishindo, na lile la upande wa pili, lenye mawe ndani, likapanda juu. Na kabla sijafika kwenye dawati lake, mtoto akafungua chupa, akamimina.

Kitu kile kilikimbia juu ya dawati kama kitu chenye uhai. Kilikuwa cheupe, kinang'aa, kikagawanyika kuwa shanga, shanga zikajiunga, zikaanguka sakafuni, na watoto wakazirukia kama kuku waliomwagiwa mahindi. Mimi zebaki nilikuwa nimeiona mara moja tu, ndani ya kipimajoto cha hospitali. Nilisimama mdomo wazi.

Directrice wetu, mama aliyeongoza shule, alikuwa anapita. Aliposikia kelele akaingia, akaokota shanga moja na kuiviringisha kiganjani. "Mwalimu, ni kitu gani hii? Iko muzuri sana," akasema. Kisha akatazama kidole chake, na uso wake ukabadilika. Pete yake ya ndoa, iliyokuwa ya dhahabu, ilikuwa inageuka nyeupe mbele ya macho yetu. Aliifuta na kitambaa. Ikazidi kuwa nyeupe.

Wakati huo Solange alimsogelea, akamshika mkono kwa huruma ya mtu mzima.

"Madame, usilie. Itarudia. Mama anachomaka mu babula, ile nyeupe inatoka, dhahabu inabakia."

Directrice aliniangalia. Nami nikamwangalia mtoto.

"Mama anachomea wapi, Solange?"

"Mu nyumba, Mwalimu. Inje watu wanaona, watajua tuko na dhahabu. Anafunga mulango."

"Na nani anakuwa ndani?"

"Siye wote. Jérémie anakuwa mu mugongo."

"Na babula ni ile ya kupikia?"

"Ni ile ile ya mikate, Mwalimu."

Directrice alikaa juu ya dawati la mtoto, ambalo halikutengenezwa kwa mtu wa uzito wake. Asubuhi ile alikuwa amekula mikate mitatu. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ongoza sala." Nikamjibu kwamba nitaongoza, lakini kwanza tutoe watoto nje.

Niwaambie tulichofanya, maana siku moja itawapata. Tulifungua milango na madirisha yote. Watoto walinawa mikono kwa sabuni. Sikukubali mtu apige ufagio, kwa sababu ufagio huvunja shanga kuwa vumbi lisiloonekana. Nilizisukuma polepole kwa karatasi ngumu, nikaziweka katika chupa yenye maji, nikafunga na kupeleka chupa kituo cha afya. Tulisomea chini ya ukingo wa paa mpaka harufu ya hofu ilipotutoka. Nasema hofu, maana zebaki yenyewe haina harufu, na hiyo ndiyo shida yake. Directrice alipitisha siku nyingi akificha mkono wake mbele ya mume wake.

Mwuguzi wa kituo, mama mpole aitwaye Béatrice, alinieleza. Wachimbaji huchanganya zebaki na mchanga ili ikamate dhahabu, kisha donge lile huchomwa. Zebaki hugeuka hewa. Mtu akiivuta siku kwa siku huingia katika mishipa, mikono huanza kutetemeka, na mtoto mdogo huumia kabla ya wakubwa. Nilikumbuka Jérémie mgongoni mwa mama yake. Usiku ule sikuweza kumaliza sala zangu kwa mpangilio.

Nilikwenda kwa Mama Solange baada ya ibada ya Jumapili. Alinipa kiti, akabaki amesimama.

"Mwalimu, ile dawa tunachomaka tangu kwa babu yangu," alisema. "Moshi inapanda, inapotea. Nani alikufa?"

"Mama, haipotei. Inashuka humu ndani."

"Uliona inashuka?"

"Hapana. Haionekani."

"Ulisikia harufu?"

"Hapana."

"Basi, Mwalimu, weye mwenyewe unafundishaka batoto kuamini kitu walishaona na macho. Hii unataka niamini na masikio." Akatabasamu kidogo. "Na ku kanisa ulisema Mungu analinda wakimbizi. Sasa unaniogopesha na moshi."

"Mungu analinda, Mama. Ndiyo maana alitupa na akili."

"Akili yangu inasema Jérémie atakula nini kesho."

Nilishukuru kwa kiti, nikaenda. Njiani nilishtuka kuona kwamba yule mama alikuwa amenishinda kwa sheria ya Mzee Gaspard mwenyewe. Hakuona, basi kwa nini aimbe?

Kwa hiyo swali nikalipeleka darasani, bila kumtaja mtu. Nikauliza: kitu kisichoonekana, kisicho na harufu, utamwonyeshaje mtu mzima kwamba kinatembea ndani ya nyumba? Watoto walipewa siku za kutosha kufikiri na kujaribu. Kundi moja lilichora mtu mwenye mapafu makubwa kama magunia. Kundi la pili lilipuliza unga, ukajaa darasa zima, na mimi nikapata maneno kutoka kwa mfagiaji. Kisha Solange akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pilipili. Mama akiunguza pilipili mu jikoni, hata mwenye analala mu chumba ya nyuma anakohoa. Na hajaiona."

Siku ya mkutano wa wazazi, nilimpa directrice nafasi ya kusema juu ya usafi wa shule, jambo ambalo hulisema kwa urefu. Nyuma ya ukuta wa mbao wa upande mwingine, ndani ya stoo, watoto waliweka babula, na juu ya makaa wakatupa pilipili kavu. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, mfanyabiashara mnene aliyehamia hapa kutoka Butembo, ndiye aliyeanza kukohoa. Akafuata jirani yake. Kisha safu nzima. Akina mama wakajifunika nguo usoni, wazee wakatoa machozi.

"Nani anatuua humu?" aliuliza mwenyekiti. "Madame, kata hotuba, tuko tunakufa na usafi."

Watu walicheka katikati ya kikohozi. Ndipo Solange akatoka stooni, macho mekundu, akasimama mbele yao.

"Baba na mama, mumeona moto? Mumeona moshi? Hapana. Lakini imewafikia. Merkire, ile zebaki yenye wanachomaka na dhahabu, inatembea vile. Tofauti ni moja. Pilipili inagonga mulango. Merkire haigonge."

Hakuna aliyecheka tena. Nilijivuna, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja. Kisha nikamwona Mama Solange akisimama nyuma, Jérémie mgongoni. Alipita kati ya watu, akamshika binti yake mkono.

"Twende. Wamemaliza kutucheka."

"Mama, hakuna mwenye anatucheka."

"Twende."

Jumatatu kiti cha Solange kilikuwa kitupu, na mbele ya lango hapakuwa na mikate. Walimu wenzangu walisema nimpe mama yake muda. Nilimpa muda, lakini kila siku niliyompa muda, Jérémie alikuwa ndani ya chumba kile na mlango umefungwa. Sijawahi kuona subira ikiwa nzito vile. Ningeiweka kwenye mizani yetu, kitundikio kingevunjika.

Mke wangu, Mama Ruth, ndiye aliyenitoa hapo. Aliniambia, "Weye ni mwanaume na ni mwalimu. Ukiingia pale, anaona mahakama mbili. Acha niende mimi." Akachukua unga wa muhogo, akaenda kusaidia kupika. Hakusema neno juu ya zebaki. Alikwenda tena na tena. Walimenya, wakatwanga, wakazungumza habari za watoto. Siku moja Mama Ruth alimpa Jérémie kikombe cha uji ashike mwenyewe. Uji ulimwagika kabla haujafika mdomoni. Akamjazia tena, ukamwagika tena. Mikono ya mtoto ilikuwa inatetemeka kama ya mzee.

"Anafanyaka vile siku zote?" mke wangu aliuliza.

Mama Solange aliitazama mikono ile. Alikuwa amemlisha mtoto kwa kijiko tangu alipoanza kula, na mchana kutwa alimbeba mgongoni, mahali ambapo mama haoni mikono ya mtoto. Mama Ruth aliniambia kwamba yule mama hakulia. Alikaa chini pale pale penye uji uliomwagika, akachukua kikombe, akamjazia mtoto mara ya tatu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akasimama, akasema, "Twende kwa Béatrice."

Béatrice hakuwa na sindano wala dawa ya maji. Alisema mtoto atoke katika ule moshi, ale vizuri, arudishwe kupimwa, na tungoje. Aliwapeleka pia kwa watu wanaowafundisha wachimbaji kuchomea mbali na nyumba, ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba linalorudisha zebaki ndani ya maji. Solange akarudi darasani. Mikate nayo ikarudi, imepikwa kwenye babula mpya. Directrice aliikagua babula hiyo kwanza, pande zote, kabla hajafungua mdomo.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini katika siku zangu za mwisho kazini, wakati wa mapumziko, Solange alinijia.

"Mwalimu, Mama anakuita nyumbani. Anasema ukuje sasa."

Nilikwenda nikijiandaa kwa ugomvi ambao tulikuwa tumeukwepa. Nilipobisha, Mama Solange alifungua, akanionyesha kigoda nyuma ya mlango. Chumba kilikuwa kimejaa akina mama, baadhi yao na watoto mapajani. Wote, alininong'oneza Solange, walikuwa wachomaji wa dhahabu wa mtaa wao. Mimi nilikuwa nimedhani ni nyumba moja. Nilikaa kwenye kile kigoda.

Katikati ya chumba ilikuwa inawaka taa ndogo ya bati, ile ya utambi na mafuta. Juu yake, karibu na dari, Mama Solange alikuwa ametandaza kitambaa cheupe cha kumfutia mtoto. Kilikuwa hapo tangu asubuhi. Mmoja wa akina mama hakuonekana kufurahi kuitwa.

"Mama Solange, weye mwenyewe ulichoma na siye," alisema. "Leo umekuwa mwuguzi?"

"Nilichoma, dada. Sibishe."

"Na batoto yetu watakula nini?"

"Dhahabu hatuiache. Tutachomea kule chini, mbali na nyumba, wote pamoja, na ile chombo yenye kufungwa. Batoto watabakia kwa Mama Ruth. Lakini sijakuita juu ya hiyo."

Nilifungua kinywa nimsaidie kueleza. Aliniinulia kidole, bila kugeuka, jinsi nilivyowafanyia watoto wake na wa wenzake miaka yote. Nikafunga kinywa.

Akapanda juu ya kiti, akakishusha kitambaa. Upande wa juu kilikuwa cheupe. Upande wa chini kilikuwa cheusi, masizi yanashika vidole. Hakukieleza. Alimwendea yule mama mbishi, ambaye alikuwa na mtoto mchanga mapajani, mtoto aliyekuwa ametoka kunyonya na maziwa yako mdomoni. Akampa kitambaa.

"Mupanguze mutoto kinywa."

Yule mama akamvuta mtoto kifuani.

"Weye uko na wazimu? Na uchafu hii?"

"Hii ni ya taa. Iko nyeusi, unaiona, unakataa." Mama Solange alikaa juu ya visigino mbele yake, akasema kwa upole. "Ile ingine haionekane, dada. Kila siku unamupanguza nayo."

Yule mama alikitazama kitambaa, akamtazama mtoto wake, kisha akasimama, akampa jirani mtoto amshike. Akatoka. Nilidhani ameondoka kwa hasira. Akarudi amebeba babula yake na kibati chake cha kuchomea, akaviweka chini mbele ya Mama Solange, akanyoosha mikono ili arudishiwe mtoto wake.

"Tuonyeshe ile chombo," alisema.

Jérémie sasa anatembea. Kikombe anakishika kwa mikono miwili, na kuna siku kinamwagika na siku hakimwagiki. Béatrice anasema tuzidi kungoja, nasi tunangoja na kuomba.

Mwenzangu unayesoma haya, labda kesho asubuhi utaingia darasani na kitabu kimoja. Bwana akupe mikono isiyoogopa vumbi na kinywa kinachojua kusubiri. Akulindie watoto utakaowakuta, na wale walio nyumbani kwao ambao hutawaona. Amani yake iingie pamoja nawe mlangoni. Amina.